Rangi ya Chupa na Ukweli wa Uzuri

Chupa za kioo zenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha zilibuniwa kwa ajili ya chakula. John Landis Mason, fundi bati wa Marekani, alipewa hataza ya mdomo wenye hesi tarehe 30 Novemba 1858. Tangu hapo familia nyingi za nchi hiyo zilihifadhi humo matunda na mboga za kiangazi, zikazila wakati wa baridi. Leo nyingi kati ya chupa hizo hazina chakula ndani. Hupangwa dirishani zipenywe na jua, hutiwa maua au mshumaa, na nyingine hutobolewa kifuniko, waya ukapita, zikawa taa za kuning'iniza. Hapo huzuka swali la kifalsafa: kitu kilichoachishwa kazi yake hupata wapi uzuri?

Mwaka 1790 mwanafalsafa Immanuel Kant alitenga uzuri wa aina mbili. Uzuri tegemezi hupimwa kwa kuzingatia kitu kinatakiwa kiwe nini; uzuri huru hauulizi hivyo. Kwa kipimo hiki, chupa iliyo stoo hupendeza kama chombo cha kuhifadhia, na ikifika dirishani hubaki umbo na rangi tu. Maelezo haya yanavutia, lakini hayatoshi. Kama rangi tupu ndiyo inayotafutwa, kioo chochote cha buluu kingefaa, ilhali wapenzi wa chupa hizi huitafuta buluu ya zamani ya kiwanda cha ndugu wa familia ya Ball, kilichokuwa Muncie, Indiana.

Buluu hiyo hakuna aliyeichagua. Ilitokana na madini, chuma kikiwemo, yaliyochanganyika na mchanga wa kando ya Ziwa Michigan. Sehemu ya mchanga huo ilichotwa kwenye kilima kikubwa kilichoitwa Hoosier Slide, na kufikia miaka ya 1920 kilima chenyewe kilikuwa kimekwisha. Utengenezaji wa chupa za buluu nao ulikoma katika miaka ya 1930. Zambarau ya chupa nyingine za zamani ina kisa cha ajabu zaidi. Mafundi walitia manganizi ili kioo kiwe cheupe, kisiwe na ukijani wa chuma. Miaka mingi ya jua ikakigeuza kioo hichohicho kuwa cha zambarau hafifu. Katika visa vyote viwili rangi ni alama iliyoachwa na ardhi, tanuri na muda, na anayeijua asili hiyo huona mengi zaidi ya anayeona rangi peke yake.

Mwaka 2013 chupa za buluu zilitolewa upya kwa jina la Ball, safari hii kwa makusudi. Majumbani nako watu huchanganya gundi nyeupe na rangi ya chakula, huizungusha ndani ya chupa, kisha huigeuza chupa ili gundi ichuruzike na kukauka. Kazi hiyo ina uzuri wake, kwani mkono wa aliyeifanya unaonekana na hakuna anayedanganywa. Rangi ya namna hiyo haistahimili maji, kwa hiyo chupa inabaki kuwa pambo.

Tatizo liko kwenye chupa za zamani zinazopigwa mionzi zikawa zambarau iliyokolea, kisha zikauzwa kana kwamba ni jua lililozigeuza. Mwanafalsafa Nelson Goodman alihoji mwaka 1968 kama nakala isiyotofautika kwa macho inaweza kuwa duni kisanaa. Jibu lake lina uzito: kujua tu kwamba tofauti ipo hubadilisha namna ya kutazama, na jicho hujifunza kuona kile ambacho jana halikukiona. Kwa hiyo asili ya rangi ni sehemu ya uzuri wenyewe. Anayepaka chupa hana kosa; anayeficha jinsi rangi ilivyopatikana humwibia mnunuzi ule uzuri aliodhani ananunua. Muuzaji wa chupa za rangi anapaswa kumweleza mnunuzi, kabla hajalipa, kama rangi ni ya mchanga, ya jua, ya mionzi au ya brashi.