Muuguzi, kalamu na dhambi ya takwimu za kupika

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu uandishi. Allah (SW) anaamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Wengi wetu tunaishia hapo. Lakini mbele kidogo aya hiyo hiyo inakataza mwandishi na shahidi kudhuriwa, na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (RA) kuwa miongoni mwa madhara hayo ni kumng'ang'aniza mtu aandike ilhali ana shughuli inayomkabili.

Sasa twende Nshamba, wilayani Muleba. Muuguzi wa zahanati ya kijijini ana mama mjamzito mbele yake. Akishampima ajaze kadi, kisha kitabu cha 6 cha MTUHA. Akiwa na virusi vya Ukimwi, kuna kumbukumbu nyingine za CTC. Siku ya kujifungua ni kitabu cha 12. Mwenye bima naye ana fomu yake. Mwisho wa mwezi vyote vijumlishwe, ripoti iende wilayani. Ilipokuja mifumo ya kompyuta, kama GoT-HOMIS, ilitarajiwa makaratasi yapungue. Vituo vingi vikajikuta na vyote viwili, na umeme ukikatika (wakazi wa Kagera wanaujua umeme) kinachoandikwa kitabuni kinasubiri kuhamishwa.

Wala si sisi tu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa kila saa moja daktari aliyokaa na wagonjwa, karibu saa mbili ziliishia kwenye kompyuta na kazi za mezani.

Hatusemi kumbukumbu ziachwe. Kagera ndiko walikoripotiwa wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini, mwaka 1983. Na Marburg ilipotangazwa mkoani humo Machi 2023, watu zaidi ya 200 waliokaribiana na wagonjwa waliorodheshwa na kufuatiliwa. Orodha ile iliokoa roho.

Swali ni hili: foleni ikiwa imefika nje, muuguzi yuko peke yake, naye akajaza safu za rejesta jioni kwa kukisia ili hesabu ilingane, dhambi ni ya nani? Takwimu ya kupika ni ushahidi wa uongo; dawa na chanjo huagizwa kwa hesabu hizo. Mimi simuondolei muuguzi lawama. Ila aliyeongeza safu bila kuongeza mikono ana fungu lake, na naona ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na nafasi ya kufikiri.

Basi wizara, TAMISEMI na wafadhili wakubaliane jambo moja: taarifa ya mgonjwa iandikwe mara moja, mifumo isomane yenyewe, na anayetaka safu mpya aseme kwanza ni ipi ya zamani inafutwa. Kabla ya kuipitisha, akakae asubuhi moja ya kliniki kwenye benchi pamoja na wale kina mama, ahesabu ni mara ngapi muuguzi aliwatazama usoni.