Njia Ikikatika, Bei Hupandishwa na Nani?

Mwishoni mwa mwaka 2023 mto Tana ulifurika, maji yakaifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu hapo Gamba. Katika masika ya 2024 yakawa yale yale. Malori ya shehena yakasimama, abiria wakavushwa kwa mashua, na watu wa Lamu, ambao vyakula vyao vingi hupitia njia hiyo mpaka Mokowe, wakawa kama waliotengwa na bara.

Ndugu zetu Waislamu, katika misiba kama hii bei za vitu hupanda. Je, ni nani azipandishaye?

Wengi wetu hujibu upesi: ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Neno hili ni kweli nusu yake. Mvua ni ya Mola, na mto ni wake. Lakini gunia la unga lililokuwamo ghalani kabla ya mvua, lililonunuliwa kwa bei ya jana na kuletwa kwa nauli ya jana, halikuguswa na mafuriko hata kidogo. Likiuzwa leo kwa bei maradufu, aliyelipandisha si mto.

Hatusemi kwamba mfanyabiashara ale hasara. Aliyeleta mzigo wake kwa jahazi, au akalipa kuupakua na kuupakia mara mbili, ana haki ya kurudisha gharama zake na kupata faida ya halali. Pasipo yeye mji ungelala na njaa. Tumsemaye ni yule afungaye ghala akingojea shida izidi. Huyo Mtume wetu (S.A.W.) amemhesabu kuwa ni mkosa, na wanavyuoni wameiita kazi yake ihtikari.

Huenda akatujibu: "Mbona Mtume alipoombwa kuwakatia watu bei alikataa?" Naam, alikataa, asije akamdhulumu mtu katika mali yake. Lakini aliyekataa kukata bei ndiye huyo huyo aliyekataza kuhodhi. Basi kuachiwa bei si ruhusa ya kumkaba mwenye njaa, bali ni amana. Pasipo mkata bei sokoni, muuzaji ndiye kadhi wa nafsi yake, naye ataulizwa.

Na tumtazame Sayyidna Umar (R.A.). Mwaka wa 18 wa Hijra, uitwao Mwaka wa Majivu, ukame ulipoiunguza Hijazi, alijinyima samli akala mafuta mpaka watu walipopata faraji. Wala hakutosheka na dua na subira, bali aliagiza chakula kutoka majimboni. Na Misri ilipofunguliwa, mfereji wa kale ukachimbuliwa upya kutoka Nile hata bahari ya Sham, nafaka ikafika Hijazi kwa vyombo.

Mvua nyingine itakuja. Barabara na madaraja ni kazi ya serikali, na ni haki yetu kuyadai. Lakini ghala ni letu. Wenye maduka wa kila mji na wakutane msikitini kabla ya masika, waahidiane kwamba shehena ya zamani itauzwa kwa bei ya zamani. Nasi wanunuzi tusikimbilie kujaza magunia majumbani kwa hofu, kwani mwenye kununua cha jirani yake naye ni mhodhi, ijapokuwa hana duka.

Mafuriko hatutaulizwa. Tutaulizwa mizani. Mwenyezi Mungu atuongoze. Amin.