Maiki ya Kuazima

Filamu ya Blood Parliament ilipotoka Aprili 2025, karibu kila mtu ninayemjua aliitazama kwa simu, wengine ndani ya matatu wakiwa wameinamisha skrini ili jirani asione. BBC Africa Eye walikuwa wamepitia picha na video zaidi ya 5,000 za siku ile ya 25 Juni 2024, wakawatambua baadhi ya maafisa waliowafyatulia waandamanaji risasi pale Bunge. Onyesho lililokuwa limepangwa katika ukumbi mmoja Nairobi likafutwa. Mtandaoni watu wakaendelea kuitazama tu.

Kuna kitu kilinikwama kooni, na si zile risasi peke yake. Simu nyingi zilizopiga zile picha zilikuwa zetu. Wafu ni wetu. Bunge ni letu, angalau kwenye makaratasi. Sasa mbona aliyezikusanya mpaka zikawa ushahidi ni shirika la nchi iliyotutawala?

Jibu la haraka ni kwamba linaweza. Tarehe 30 Januari 2018, Raila Odinga alipoapishwa Uhuru Park kama rais wa wananchi, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN, na vituo vikakaa gizani siku kadhaa hata baada ya mahakama kuamuru virudishwe. Tarehe 25 Juni 2025, watu wakiadhimisha mwaka mmoja wa yale maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza vituo viache kuonyesha barabara moja kwa moja, na mitambo ikazimwa hadi Mahakama Kuu iliposimamisha agizo. Kituo cha hapa ni mpangaji. Anaongea anavyotaka, lakini mwenye nyumba ana kopi ya ufunguo.

Kwa hivyo tunaazima maiki kwa watu wa mbali. Na kuazima si dhambi, lakini kuna maswali yake. Kabla sijaacha chuo tulikuwa na somo la maadili ya uanahabari, tukaambiwa chombo huru ni kile kisichopokea amri ya serikali. Mimi nilikuwa nakaa nyuma nikijiuliza mbona hakuna anayetaja mshahara.

Tusidanganyane kuhusu chanzo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza Juni 1957, Kenya ikiwa bado chini ya Hali ya Hatari, na Radio Cairo ikiwa tayari inawaambia Waswahili mambo ambayo Waingereza hawakutaka yasikike. London haikutuletea redio kwa mapenzi. Ilitaka masikio. Lakini babu yangu, ambaye hakuwa na sababu hata moja ya kumpenda Mwingereza, alikuwa akinyamazisha nyumba nzima jioni ili asikilize Dira ya Dunia. Enzi za chama kimoja, habari za redio ya taifa zilianza na alikokwenda Mtukufu Rais leo. Babu alitaka kujua alikoenda kila mtu mwingine.

Shida ni kwamba aliyekuazima anaweza kuja kuchukua kitu chake usiku. Sauti ya Amerika ilikuwa na sheria ya mwaka 1976 iliyoitaka iwe na habari sahihi na zisizoegemea upande. Machi 2025 rais wa Marekani akatia sahihi amri, na kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima. Idhaa ya Kiswahili haikusazwa. Mtu wa Goma, ambaye mji wake ulikuwa umeingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, akapoteza sauti moja wakati ambapo kila mwenye bunduki alikuwa na toleo lake la habari. Hakuna aliyemuuliza. Angeulizwa kama nani? Hapigi kura Marekani.

Au chukua Sudan. BBC ilifunga redio yake ya Kiarabu Januari 2023, baada ya miaka 85, ili kubana matumizi. Aprili vita vikalipuka Khartoum. Mwezi Mei BBC ikalazimika kurudi hewani na matangazo ya dharura kwa Wasudan, kwa masafa mafupi, ya miezi mitatu. Nawasifu kwa kurudi, kusema kweli. Lakini uamuzi wa kwanza na wa pili ulifanywa London, na msikilizaji akapewa na kunyang'anywa na kupewa tena kama mtoto na peremende.

Rafiki zangu wengine husema basi tuwe na chetu, yaishe. Mimi hoja hiyo pekee hainishiki. RTLM ya Rwanda ilikuwa ya Wanyarwanda, ikaanza 1993 kwa Kinyarwanda kitamu chenye mizaha na muziki, na mwaka uliofuata ikawa inachochea watu waue jirani zao. Mwaka huohuo wa 1994 BBC ikaanzisha kipindi cha kuwasaidia waliopotezana kutafutana, Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha jamaa. Cha nyumbani kiliua, cha mgeni kikatafuta waliobaki. Burundi nayo ikaifungia BBC na Sauti ya Amerika mwaka 2018, na sidhani raia wa kawaida kule alijiona huru zaidi.

Ninachokiona si haki ni kwamba msikilizaji hana pa kushika. Serikali ya hapa inaweza kukizima kituo, mlipa kodi wa kule anaweza kukipunguzia hela. Wewe na mimi tunaweza kulalamika kwenye komenti.

Ndiyo maana nimekuwa nikiwaza kuhusu kulipa. Mwaka 2024 tulichanga kwa simu bili za hospitali na gharama za mazishi ya watu tusiowajua, wengine wakitoa 50, wengine nauli ya kesho. Hela zipo kidogokidogo. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mchango pia una mdomo. Mwandishi akilipwa na mbogi, atathubutu kuandika kwamba siku ya maandamano kuna waliovunja maduka ya watu wasio na hatia? Africa Eye hawaogopi kupoteza mchango wangu. Sijawahi kuwapa hata ndururu.

Hata hivyo nilianza, shilingi 200 kwa mwezi, kwa tovuti moja ndogo ya uchunguzi ya hapa nyumbani. Mwezi wa pili wakachapisha habari iliyonikera vibaya, kuhusu watu ambao mimi huwaunga mkono. Niliisoma mara mbili nikitafuta uongo, nikakosa. Mwezi wa tatu umefika na sijasitisha malipo, bado.