JE, NJAA INAUA UNDUGU?



Leo tunataka tujiulize pamoja: njaa ikizidi, je, undugu unakufa?

Tuangalie watoto wa buibui. Mama hutaga mayai mengi na kuyafunga ndani ya mfuko wa nyuzi. Watoto wakianguliwa, siku za kwanza hukaa pamoja kwa amani, maana bado wana akiba ya kiini cha yai tumboni. Akiba ikiisha, na amani huisha. Katika aina nyingi za buibui, mwenye nguvu humkamata ndugu yake aliye dhaifu na kumla. Wengine hupona kwa kutawanyika: hupanda juu ya jani, huachia uzi hewani, na upepo huwachukua.

Buibui hatumhukumu, kwa sababu hakupewa amri wala dhamiri. Lakini hata kwao si wote wanaolana. Katika misitu ya Gabon iko aina ambayo buibui wengi huishi katika utando mmoja, huwinda pamoja na kula windo pamoja.

Na sisi je? Mwaka 2023 posho ilipopunguzwa katika makambi mengi ya Afrika Mashariki, wengi walisema, "Njaa haijui ndugu." Tunaona nyumba za yatima wanaotumia kadi moja. Mkubwa, aliyeandikwa kuwa mkuu wa familia, anapokea unga, anauza nusu sokoni, na wadogo wanalala bila kula. Hakumuuma mtu kwa meno, lakini amekula uhai wa ndugu zake.

Biblia haifichi jambo hili. Katika 2 Wafalme sura ya 6, Samaria ilipozingirwa, njaa iliwafanya akina mama wawili wapatane kula watoto wao. Mfalme aliposikia alirarua mavazi yake. Hapo ndipo tunapoona tofauti. Kwa buibui hakuna anayerarua mavazi. Mtu ana njaa kama mnyama, lakini anajua kwamba aliyelala karibu naye ni ndugu, na moyo wake humshitaki. Kwa hiyo njaa inaeleza kwa nini tunaanguka. Haitupi ruhusa ya kuanguka.

Basi tufanye nini? Penye yatima wa kadi moja, unga upimwe mbele ya wote, hata mdogo aone. Majirani tusiseme, "Hayo si mambo yetu." Na yule mkubwa tusimtukane, maana mara nyingi naye ni mtoto, naye ana njaa. Tukae naye, tumshauri, na mwenye kikombe kimoja cha maharage amgawie.

Sisi hatuna upepo wa kututawanya kila mtu na njia yake. Tuko katika utando mmoja. Tuchague kuishi kama wale wa Gabon.