Sentensi Iliyokatika

Kibao nilikikata mwenyewe. Kilitoka kwenye mgongo wa dawati lililovunjika, ukubwa wake kama kiganja cha mtu mzima. Nikakitoboa matundu mawili kwa msumari uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa, nikapitisha kamba ya katani, kisha kwa rangi nyekundu iliyosalia kwenye kupaka milango ya bweni nikaandika maneno matatu: I spoke Swahili.

Masharti yalikuwa mepesi. Atakayesikika akizungumza Kiswahili anavishwa. Atakivua akimnasa mwenzake. Na ambaye kengele ya jioni itamkuta nacho shingoni, kesho yake anabeba ndoo za maji ya jikoni. Mlangoni mwa ofisi ya walimu palikuwa na tangazo lililonitangulia pale shuleni, lile analolijua karibu kila aliyesoma sekondari Tanzania: No English, No Service. Mwenye shida aje na Kiingereza, la sivyo arudi na shida yake.

Nawasimulia haya walimu wenzangu, hasa mnaoanza kazi, msije mkapita nilipopita. Nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha tano na sita katika shule moja ya bweni hapa Kondoa. Sikuwa mkatili; nilikuwa nimechoka. Kila Julai walikuja vijana waliofaulu kidato cha nne, wamepangiwa tahasusi zao, wana vyeti vizuri, na ukimwomba mmoja akueleze safari yake kutoka kwao hadi shuleni anakupa sentensi mbili kisha anatazama viatu. Kwa miaka miwili alitakiwa asome historia, aandike insha za kurasa nne, achambue riwaya na tamthilia, vyote kwa lugha hiyo. Nikasema dawa ni kuwafungia mlango wa Kiswahili. Wakikosa pa kutokea, watatokea kwenye Kiingereza.

Muhula wa kwanza niliona matunda. Nikipita koridoni makelele yanazima. Bwaloni vijana wanakula ugali na maharage kimya kama wako msibani. Mkuu wa shule akanipongeza kwenye kikao: shule imetulia, nidhamu imepanda.

Alikuwapo kijana mmoja wa tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, mtoto wa mkulima wa alizeti kutoka vijiji vya upande wa Kolo. Nyumbani kwao Kirangi, sokoni na shule ya msingi Kiswahili, na Kiingereza kilimngoja kidato cha kwanza, pamoja na kile kikozi cha awali cha wiki chache, kinachotarajiwa kumvusha mtoto kutoka lugha moja ya masomo kwenda nyingine kabla mvua hazijakolea. Kwenye Kiswahili alikuwa anaongoza darasa. Na kwenye orodha yangu alikuwa nyota: muhula mzima kibao hakikugusa shingo yake hata mara moja. Siku ya kufunga shule nikamwita mbele ya mstari, nikamkabidhi kaunta buku na kalamu mbili. Wenzake wakapiga makofi. Akasema, "Thank you, madam," akarudi kwenye nafasi yake.

Sasa nikikumbuka, hayo ndiyo maneno pekee niliyoyasikia kinywani mwake muhula ule. Nilimpa mtoto zawadi kwa kunyamaza.

Ishara ya kwanza niliipata Kolo. Tuliwapeleka wanafunzi kwenye michoro ya miamba, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Shule nyingi za Kondoa zinaipita kwenye basi bila kushuka, sisi siku ile tulishuka. Tukapanda kilima kwa miguu, jua likituchoma visogo, mpaka tukafika chini ya jiwe kubwa lililoinama kama kibaraza. Ukutani watu wembamba wa rangi nyekundu, warefu kuliko kawaida ya binadamu, na wanyama kando yao. Wanafunzi walikuwa wanatazama bila neno, na mimi nikidhani wanastaajabu, kumbe wanaogopa kukosea.

Mara nikasikia sauti nisiyoifahamu. Ilikuwa ya yule kijana. Wenzake watatu walikuwa wamemzunguka, naye anawaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka habari za mahali pale, Mongomi wa Kolo, jinsi babu yake alivyokuwa akija na wazee wenzake mvua inapochelewa. Mikono yake ilikuwa inachora hewani. Alieleza njia waliyopita, nani alitangulia, nani hakuruhusiwa kusema. "Basi wakishafika pale chini," akasema, "yule mkubwa wao anachukua..."

Nikasogea. Nilikuwa nimefurahi kwa kweli, nikataka hazina ile iingie kwenye somo langu. Nikamwambia, "Very good! Now, in English."

Akafunga mdomo. Mikono ikashuka. Akaangalia shingo yangu, nilikokuwa nimekitundika kibao kwa ajili ya safari, akatabasamu kwa adabu, akasema, "Sorry, madam." Wale wenzake watatu wakatawanyika mmoja mmoja. Niliondoka Kolo sijui yule mzee alikuwa anachukua nini.

Ishara ya pili ilinijia kwa maandishi. Ulikuwa mtihani wa utamilifu wa kidato cha sita, ule wanafunzi wauitao moko. Niliuliza swali juu ya riwaya ya Chinua Achebe, A Man of the People, ya mwaka 1966. Darasani tulikuwa tumejadili rushwa ya viongozi hadi tukaichosha, kwa hiyo mtihanini nikageuza kidogo: waeleze jinsi wananchi wa kawaida wanavyoilea rushwa hiyo kwa kuizoea.

Nikaanza kusahihisha usiku. Karatasi ya yule kijana ilikuwa ya tatu. Mwandiko msafi, utangulizi mzuri, Kiingereza ambacho hata gazeti lingekichapa. Ila kilijibu swali jingine, lile la viongozi. Nikasoma hadi katikati ya ukurasa wa pili, nikafika kwenye sentensi isiyokuwa na mwisho: "The leaders of the new nation are". Nukta haikuwapo. Mstari uliofuata ulianza aya mpya kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikadhani usingizi ulimpitia. Nikachukua karatasi nyingine. Hiyo nayo ilikuwa na sentensi ileile, imekatika palepale. Na nyingine. Zilikuwa nane kwa jumla.

Nikafungua droo, nikatoa desa nililowapa mwanzoni mwa mwaka. Nilikuwa nimelichapa mwenyewe na kulipeleka steshenari ya mjini likatolewe kopi. Ukurasa wa pili mashine ilikula mstari wa chini. Sikuwa nimeuona. Vijana wanane waliumeza ukurasa ule na jeraha lake, wakautapika mtihanini ulivyo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, "Madam, hapa pamekatika, paliendeleaje?" Kuuliza kulihitaji Kiingereza, na mlango wa ofisi ulishasema.

Usiku ule nilikaa na taa hadi alfajiri. Kabatini kwangu kulikuwa na I Will Marry When I Want, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ tuliyokuwa tukiifundisha kwa Kiingereza. Kwanza iliandikwa kwa Kikikuyu, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ wakaiigiza mwaka 1977 kwa lugha waliyonyonya, na mwisho wa mwaka huohuo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Ngũgĩ huyohuyo, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, anasimulia shule aliyosoma chini ya mkoloni: mtoto aliyekutwa akisema Kikikuyu alipewa kifungo cha nguo ampe mwenzake atakayemnasa, mkono kwa mkono hadi jioni, na wengine walivishwa bamba shingoni la kuwatangaza kuwa ni wajinga. Ni masharti yangu, neno kwa neno. Na kitabu kile nilikuwa nakijua tangu chuoni. Nilikijibia mtihani, nikapata alama nzuri. Na mimi pia nilikuwa nimekariri.

Kibao hicho kina ukoo mrefu. Katika karne ya 19, watoto wa Wales walivishwa kipande cha mbao chenye herufi W.N. kwa kosa la kusema Kiwelisi, na kilipitishwa vilevile, mtoto akimsaka mtoto. Sisi tulikirithi bila kuuliza kilikotoka.

Wala shida yenyewe si ngeni kwa watunga sera wetu. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Makweta kuhusu elimu ikapendekeza kipandishwe hadi sekondari, serikali haikukubali. Miaka miwili baadaye wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kwamba kwa walio wengi hakitoshi kubeba masomo wanayofundishwa. Mwalimu Nyerere naye aliwahi kusema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia, na hilo sibishani nalo: mtoto wa Kondoa anakihitaji. Lakini Mwalimu huyohuyo alikaa na Shakespeare akamtoa kwa Kiswahili mara mbili, Julius Caesar kisha Mabepari wa Venisi. Aliyekuwa anakijua Kiingereza kuliko sisi wote hakuona haja ya kukifungia Kiswahili nje.

Wanachogombania wanasiasa kitachukua muda wake. Kilichokuwa mikononi mwangu ni darasa langu, na hapo ndipo nilipokosea. Niliamini mtoto akizibwa mdomo mmoja atafungua mwingine. Hana midomo miwili. Anao mmoja, na ukiuziba umeziba lugha zote alizonazo.

Baadaye mwalimu mwenzangu, Mrangi, alinifundisha jambo lililoniaibisha zaidi. Kirangi hakipangi maneno kama Kiswahili. Katika baadhi ya sentensi za wakati ujao, kitenzi chenyewe kinatangulia na kitenzi kisaidizi kinafuata nyuma, mpangilio ulio adimu kwenye lugha za Kibantu. Yaani kijana yule, tangu ana miaka saba, alikuwa anaigeuza sentensi kichwa chini miguu juu kila akivuka kizingiti cha nyumba yao kwenda shule, na kuigeuza tena akirudi, bila desa wala ndoo za maji. Mtu mwenye kipaji hicho nilimhesabu kuwa hana lugha.

Muhula uliofuata kibao nilikitia jikoni, kikachemsha chai ya walimu. Sikuacha kufundisha Kiingereza, ndipo nilipoanza. Nilipanga vikundi vya wanne wanne, wajadili swali kwanza kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote waliyo nayo, mpaka kila mmoja awe na la kusema. Kisha tunalihamisha pamoja ubaoni, sentensi baada ya sentensi: hili neno Kiingereza wanaliitaje, na kwa nini hapa linageuka. Anayezungumza hakatizwi, makosa nayaandika pembeni, tunayarudia akishamaliza. Mtihanini silirudii swali la darasani, na wanalijua hilo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hawahangaiki na madesa. Na kila wiki mmoja anasimulia kisa cha kwao, kwa Kiswahili Jumatatu, kwa Kiingereza Ijumaa. Kiingereza cha Ijumaa huwa kinachechemea. Lakini kinatembea, na ninakisikia. Darasa lina makelele, na mkuu wa shule hanipongezi tena kwa utulivu.

Mwalimu unayesoma hapa, ukitaka kujua kama njia yako inafaa, usihesabu waliovunja amri. Hesabu maswali. Darasa ambalo hakuna anayekuuliza kitu kwa wiki nzima halijaelewa, limejificha. Nawe mzazi unayelipa tuisheni ili mwanao aongee kimombo mbele ya wageni, msikilize kwanza anapoongea kwa lugha yake. Kama huko nako amekuwa bubu, ada yako imenunua ukimya.

Kwa yule kijana nilichelewa. Kiswahili alipata A. Kiingereza alipata S, na hesabu ya alama haikumfikisha chuo alichokitaka.

Mwaka jana nilimkuta stendi ya Kondoa, anapakia madumu ya mafuta ya alizeti kwenye basi la Dodoma. Amenenepa, ana ndevu. Aliniona kabla sijamwona. "Shikamoo, madam! Za siku nyingi? Umetupotea kabisa!" Kisha nikaona uso unabadilika. Akashusha dumu chini, akaweka mkono kifuani. "Samahani, madam. Nimeongea Kiswahili."

Nilishindwa la kumjibu. Nikamwambia, mwanangu, mimi ndiye wa kuomba samahani. Nikamkumbusha ile siku ya Kolo, pale chini ya jiwe, nilipomkata. Nikamwomba anieleze yule mkubwa wao alikuwa anachukua nini.

Akafikiri. Mikono ilianza kunyanyuka kama siku ile, ikaishia njiani.

"Babu alishafariki, madam," akasema. "Sikumbuki tena."