Kama nilivyopokea

Maneno mawili yamekuwa kinga yetu sote: "Kama nilivyopokea." Unafungua simu asubuhi, unakuta kwenye kundi la ukoo picha ya msanii aliyezushiwa kifo, au onyo kwamba maji ya mtaa fulani yametiwa sumu, na juu yake shangazi yako, mcha Mungu asiyekosa swala, ameandika maneno hayo. Maana yake anajua kwamba huenda si kweli. Anajua vilevile kwamba akinyamaza na ikawa kweli, atalaumiwa. Basi anapitisha, ananawa mikono.

Ninahariri habari za mtandaoni hapa Dar es Salaam, na swali linaloninyima usingizi si la mwanasheria. La mwanasheria lina majibu yake katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Langu ni hili: mbele ya Mwenyezi Mungu, na mbele ya yule anayetajwa kwenye habari, mtu aliyepitisha neno ambalo hakulitunga anabeba nini?

Mwaka 2018 nchini India ilizunguka filamu fupi ya watu wawili wenye pikipiki wakimnyakua mtoto mtaani. Ilikuwa imetengenezwa Karachi, Pakistani, kuwazindua wazazi wawe macho. Mwishoni watu walewale wanamrudisha mtoto na kuonyesha bango lenye ujumbe. Mtu fulani aliukata mwisho ule. Kilichobaki kikapita simu hadi simu na maandishi kwamba wezi wa watoto wameingia mjini. Miezi ile watu wasio na hatia walipigwa hadi kufa katika majimbo mbalimbali kwa uvumi wa namna hiyo. Tarehe 1 Julai, katika kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra, waliuawa wanaume watano wa jamii ya wahamaji wanaoishi kwa kuomba.

Aliyekata filamu alikuwa na nia yake, na Mungu anamjua. Wanaonishughulisha ni wale waliopitisha. Siamini kwamba walikuwa waovu. Wengi wao walikuwa kina mama na kina baba wanaopenda watoto, na ni mapenzi yaleyale yaliyosukuma kidole. Ungewauliza wangeapa kwamba hawajawahi kumdhuru mtu, na wangeapa kwa moyo safi.

WhatsApp ilijibu kwa hesabu. Mwezi uleule ilitangaza kwamba India mtu hataweza kusambaza ujumbe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na Januari 2019 ukomo huo ukawa wa dunia nzima. Siidharau hatua hiyo, pengine imeokoa roho za watu. Lakini kama kusambaza uzushi kwenye makundi ishirini ni dhambi, kwenye matano ni nini?

Mwanahisabati wa Kiingereza, William Clifford, angejibu bila kusita. Mwaka 1877 aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini, na ndani yake akaweka kisa cha mwenye meli kuukuu. Mwenye meli ana mashaka nayo, lakini anajituliza moyo: imeshasafiri mara nyingi, itafika na safari hii. Anaipungia mkono bandarini. Meli inazama na abiria wake, naye anachukua fidia ya bima. Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya damu yao, na angekuwa na hatia hiyohiyo hata kama meli ingefika salama, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alichokiamini. Mwandishi huyu aliijua bahari: mwaka 1870 meli iliyompeleka kutazama kupatwa kwa jua ilivunjika karibu na pwani ya Sicily.

Nilipoisoma insha ile mara ya kwanza nilitamani kuibandika ukutani chumba cha habari. Kisha ikaja Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, feri ya MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Ilijengwa kuchukua watu wapatao mia moja. Waliokufa walizidi 220. Kwa wale walioiacha ing'oe nanga na mzigo ule, Clifford alikuwa amesema yote. Lakini kwa mtu aliyekuwa Mwanza usiku ule akimtafuta mdogo wake, hakuwa na la kumsaidia. Yule hakuweza kuchunguza chochote. Ilimbidi aamini sauti ya mtu kwenye simu, mtu asiyemjua, aliyesikia kwa mvuvi, aliyesikia kwa mwenzake. Kumwambia kwamba ni dhambi kuamini bila ushahidi wa kutosha ni kumwongezea msiba.

Hapo nasimama na Thomas Reid, mchungaji na mwanafalsafa wa Uskoti, aliyeandika mwaka 1764 kwamba Muumba ametuumba na mwelekeo wa kusema kweli, na mwelekeo wa pili unaolingana na huo, wa kuamini tunachoambiwa. Bila hiyo mtoto asingejifunza hata jina la kikombe. Imani kwa maneno ya wenzetu ndiyo ardhi tunayoikanyaga. Basi kosa la shangazi yako halimo katika kuamini. Limo mahali pengine, na aliyenisaidia kupaona ni babu yangu.

Babu alisomesha madrasa Ngamiani, Tanga. Alipotusomea hadithi hakukubali turuke majina: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mtume. Utotoni tuliyaona majina yale kama kelele kabla ya maneno yenyewe. Sasa, baada ya kukaa dawati la habari, naona kwamba majina yale ni nusu ya hadithi. Wanazuoni walikuwa na elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi: alizaliwa lini, alikutana kweli na huyo anayedai kumsikia, kumbukumbu zake uzeeni zikoje. Walifunga safari za miezi kwa ajili ya neno moja.

Na lililonishangaza zaidi, hawakumwonea haya mtu kwa uchaji wake. Imam Muslim, aliyefariki mwaka 875, ameweka katika utangulizi wa kitabu chake kauli ya Yahya bin Said al-Qattan, mwanachuoni wa Basra, kwamba hakuna jambo ambalo watu wema huonekana wakisema uongo zaidi kuliko katika hadithi. Imam Muslim mwenyewe anafafanua: uongo unapita ndimini mwao bila wao kuukusudia. Aya ya sita ya Sura ya Hujurat inatuamuru tuhakikishe habari anayoileta mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Yahya alikwenda hatua moja mbele, akaona kwamba mwema naye ahakikiwe, na pengine zaidi, maana fasiki tayari tunamtilia shaka. Ukisoma maneno yale huku ukijua kilichotokea Rainpada, mwili unasisimka.

Rafiki yangu mchungaji wa Kilutheri alinionyesha jambo jingine, katika sura ya 17 ya Kumbukumbu la Torati. Sheria ile inataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajauawa, na inataka mikono ya mashahidi hao ndiyo itangulie kurusha mawe. Ni sheria kali na simtakii mtu yeyote hukumu ile. Ila nimeitafakari sana. Inamfunga aliyesema aushike uzito wa alilolisema. Kwetu mambo yamegeuka: mmoja anapiga kelele za "mwizi!" na kutokomea, wengine wanaua, na kesho yake sisi tunaandika kwamba mtu mmoja ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Wananchi gani? Hawana majina. Aliyepiga kelele naye hana. Mtandaoni tumeirithi lugha ileile kwa fahari: inadaiwa, inasemekana, imeelezwa, mitandaoni wanasema. Vitenzi visivyo na mtu. Ndiyo "kama nilivyopokea" ya waandishi, imevaa tai.

Naona jibu la swali langu liko karibu na hapo. Anayepitisha habari hawezi kuwa shahidi wa tukio ambalo hakuliona, na hatadaiwa hilo. Lakini amekuwa shahidi wa jambo moja ambalo ni lake peke yake: nani kamwambia. Hilo analijua kwa yakini, na hilo ndilo analolitupa. Angeandika "nimeambiwa na jirani yangu Mama Fulani, naye sijui kapata wapi," habari ingefika imepungua nguvu kwa kiasi inachostahili, na mnyororo ungebaki wazi kwa anayetaka kuufuata.

Nitaambiwa kwamba katika nchi yetu jina linaweza kumponza mtu. Ni kweli, na silichukulii jepesi. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani, na miongoni mwa mashtaka yake ni kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Karani anayefichua wizi ofisini kwake hawezi kutaja jina, na hatupaswi kumtaka alitaje. Lakini tazama kilichotokea pale: jina la mtoa habari lilifichwa, na jina la mtu mwingine likasimama mahali pake, likapanda kizimbani. Mnyororo haukukatika. Kuficha chanzo ni kukidhamini kwa jina lako na uhuru wako. "Kama nilivyopokea" hailipi chochote.

Usiku ule wa Ukara vyumba vingine vya habari vilianza kuwaita marehemu wote ambao hawajaonekana. Kijana wa zamu aliniambia, "Dada, wenzetu wameshaandika." Nikamuuliza nani kawaona. Hakuna. Tukaandika "hawajapatikana", na wasomaji wakatulalamikia kwamba tumechelewa. Jumamosi ya tarehe 22 wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai ndani ya feri iliyopinduka.

Siku hizi napokea sauti na picha ambazo hazikutoka kwa mtu yeyote. Programu imeziunda, akaunti isiyo na mwenyewe imezirusha, na ukifuata mnyororo unafika mahali ambapo hakuna wa kumuuliza wala wa kuona haya. Babu hakuwahi kugusa kompyuta, lakini wanazuoni wake walikuwa na jina la mpokezi asiyejulikana: majhuli. Hawakusema amedanganya. Wengi wao waliiweka habari yake kando mpaka apatikane mtu wa kuisimamia. Nimefungua faili la jina hilo kwenye kompyuta ya dawati letu, na kila mwandishi anatumbukiza humo kisichokuwa na mtu. Wakubwa wangu wananiuliza mbona limejaa namna ile wakati wenzetu wanachapisha. Nawafungulia, nawaomba wanitajie katika vilivyomo kimoja tu ambacho wao wako tayari kukisimamia kwa majina yao.