Maji si ya Kumpigia Mtu?

Wiki hii, kwenye kosta inayotoka Handeni kwenda Korogwe, nilikaa nyuma ya kijana mmoja aliyemaliza chuo Dar es Salaam. Kando yake aliketi mama muuza machungwa. Kijana alikuwa na wazo na hakuweza kulinyamazia. Anataka kutengeneza programu ya simu: unaandika kata yako, inakuonyesha diwani na mbunge wako, unachagua jambo linalokukera, unabonyeza, simu inaita. Marekani wanayo, akasema, inaitwa 5 Calls. Inakupa namba za wawakilishi wako na hata maneno ya kuanzia mazungumzo kama huna uzoefu.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa kitochi chake. "Mwanangu, mbona namba ya mheshimiwa ninayo?" Na kweli anayo, jimbo lake silitaji. Alishampigia alipofiwa na kaka yake, rambirambi ikafika siku hiyohiyo. Alishampigia kuhusu ada ya mjukuu. Kijana akamuuliza: na kuhusu maji, mama, ulishampigia? Mama akamgeukia kwa mshangao wa kweli. "Maji? Maji si ya kumpigia mtu."

Jibu hilo halijanitoka kichwani tangu nishuke stendi.

Mama yule si mjinga. Ameishi, ameona, na amejumlisha yaliyompata: shida ya nyumbani kwake ina mtu wa kuipokea, shida ya kijiji kizima haina. Mbunge akituma rambirambi, familia inamshukuru na jirani anasikia. Akiulizwa kuhusu bomba, hana cha kutoa mfukoni, kwa hiyo taratibu tumeacha kumuuliza. Tumemfanya mjomba mwenye uwezo. Naye, kwa kuogopa kura, amekubali kuwa mjomba.

Najua kuna msomaji ananijibu sasa hivi: kiongozi asiyezika na watu wake ni kiongozi gani? Aje azike, tena akae kwenye jamvi na wenzake. Lakini hatukumpeleka Dodoma kwa ajili ya misiba. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndilo chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Kwa niaba ya mama huyu, basi. Litasimamiwaje jambo ambalo yeye mwenyewe haamini kwamba anaruhusiwa kulisema?

Na maji ya huku ni mfano mzuri kuliko mwingine wowote. Maji ya Handeni hayakuanzia Handeni. Bomba kuu ambalo wenyeji tunaliita HTM lilijengwa kuchota Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha maji hadi Handeni, ambako kiangazi watu wamezoea kuyafuata malamboni kwa madumu. Juni 2022 Serikali ilisaini mikataba ya mradi wa miji 28 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India, na Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo. Mkopo huo utalipwa kwa kodi, pamoja na ya muuza machungwa. Kwa wilaya za Handeni na Korogwe tu kuna majimbo manne: Handeni Mjini, Handeni Vijijini, Korogwe Mjini na Korogwe Vijijini. Hakuna mjomba mmoja anayeweza kulimaliza jambo kama hilo kwa M-Pesa. Linataka wabunge wanne waulizwe swali lilelile, na watu wengi, kwa wakati mmoja: mkandarasi yuko wapi, amelipwa kiasi gani, kata gani zitapata na lini?

Hapo ndipo simu ya yule kijana inapopata maana. Watu wakiuliza kwa wingi, wakubwa husikia. Mwaka 2024 Wakenya waliwajaza wabunge wao simu na meseji wakipinga Muswada wa Fedha, na mwishowe Rais Ruto akakataa kuutia saini, baada ya damu kumwagika mitaani. Mwaka uliofuata binti mtengeneza programu, Rose Njeri, alitengeneza ukurasa uliomwezesha mwananchi kutuma maoni yake kwa barua pepe bungeni kwa kubonyeza mara moja. Alikamatwa mwisho wa Mei 2025, akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta. Tarehe 20 Juni mahakama ya Nairobi iliona kwamba mashtaka hayakuonyesha kosa lolote. Binti alikuwa amewarahisishia watu kusema na wawakilishi wao, basi. Nasikitika kwamba ilibidi hakimu aliseme hilo.

Lakini kijana wangu wa kwenye kosta asidhani namba peke yake inatosha. Uganda walijaribu. Watafiti wakiongozwa na Guy Grossman waliwapa watu nafasi ya kumwandikia mbunge kwa meseji, na katika majaribio ya mwanzo, yaliyochapishwa 2014, hata wanyonge waliitumia vizuri, na gharama ilipopunguzwa waliotuma wakaongezeka. Mpango ulipopanuliwa kwa ushirikiano na Bunge la Uganda, waliotuma wakawa wachache. Mimi siwashangai. Nani ataendelea kununua vocha ili aandike kwenye ukimya?

Sisi tunapo mahali pa kuuvunja ukimya huo, nasi tumepaacha paote nyasi. Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, nao unatakiwa kukutana kila miezi mitatu. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Tangu sheria ya 2009 yeye pia ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Maendeleo ya Jimbo. Serikali nayo ina mfumo wake wa e-Mrejesho, unaopatikana hata kwenye kitochi kwa *152*00#, lakini huo hupeleka lalamiko kwa taasisi. Mwakilishi uliyempigia kura hubaki pembeni.

Kwa hiyo, kijana, ningekuomba hivi. Programu yako ifanye kazi kwenye kitochi, na mpigaji asikatwe hata senti. Swali likienda kwa mbunge, liende pia kwa diwani na kwa mwenyekiti wa kijiji, na tarehe yake. Jibu likija, lisomwe mkutanoni mbele ya wote. Lisipokuja, hilo nalo lisomwe. Usiweke kitufe cha ada wala cha rambirambi. Na iwe tayari kabla ya Aprili, kwa sababu Bunge la bajeti huanza mwezi huo na kumalizika Juni. Swali la maji likifika Dodoma Julai, fedha za mwaka zimeshagawanywa.